Stata ya Gari la Baba: Barua kwa Shabani

Minneapolis,
9 Februari 2025

Mdogo wangu mpendwa Shabani,

Assalaam alaykum. Mfikishie Mama shikamoo yangu kwanza, kisha umsomee barua hii yote, maana ndani yake kuna yanayomhusu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na baridi nimeshaizoea.

Nimepokea ombi lako la shilingi 350,000 za stata mpya ya gari la Baba, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, na nimeyasikia pia maneno ya Mjomba katika kikundi cha familia, kwamba aliyeko Marekani akishashiba huwasahau waliobaki nyumbani Ngamiani, Tanga. Maneno yale yaliniuma. Sikuyajibu pale kwa kuwa Mama yumo, lakini leo nayajibu. Mwaka juzi nilituma fedha za stata ya gari hilohilo, fundi akaifunga, na haikufika Ramadhani kabla gari halijarudia ugonjwa uleule. Mwaka jana ikanunuliwa betri, nayo haikusaidia. Stata ya kwanza, iliyokuja na gari kutoka Japani, mlimwachia fundi akaiuza kama chuma chakavu bila mtu yeyote kuifungua na kuitazama ndani. Kila nilipouliza ni nani aliyepima na amepima nini, niliambiwa nimekuwa bahili. Hilo limenikaa moyoni kuliko fedha zenyewe.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu mwezi uliopita. Alfajiri moja, baridi ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nilitoka zamu ya usiku na gari langu, Camry, likakataa kuwaka. Nilizungusha ufunguo nikasikia mlio mmoja mzito, "ta!", kisha kimya, na taa za dashibodi hazikufifia hata kidogo. Gereji niliyoipigia simu ilisema, kabla ya kuliona gari, kwamba stata imekufa na kazi yote itagharimu dola 420. Nilirudi nyumbani kwa basi, na siku ya mapumziko nikaazima kwa jirani mita ya kupimia volti.

Nilianza na betri, kwani baridi huipunguzia nguvu na wakati huohuo huifanya oili iwe nzito, injini ikawa ngumu kuzungushwa. Mita ilisoma volti 12.6, ambayo ni betri iliyojaa. Nikamwomba jirani azungushe ufunguo huku nimeikazia macho mita, na ikashuka hadi 12.3 tu. Hapo ndipo nilipopata jibu. Stata ya gari dogo inapozunguka hula zaidi ya ampea 100, na kwa mzigo huo betri nzima hushuka hadi volti 10 au 11 hivi. Ikienda chini ya 9.6, ama betri ndiyo mgonjwa ama stata imekaza ndani na inakula umeme kupita kiasi. Yangu ilikuwa haili kitu. Ule waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ulileta volti 11 na zaidi kila ufunguo ulipozungushwa, kwa hiyo swichi, fyuzi na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) hazikuwa na kosa. Solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, ilikuwa inavuta, na ndiyo iliyotoa ule mlio, lakini konta zake, vile vipande viwili vya shaba ndani yake, hazikupitisha umeme kwenda kwenye mota.

Nilifungua kwanza waya wa hasi wa betri, kama Baba alivyotufundisha, nikatoa bolti mbili za namba 14 zinazoishikilia stata panapokutana injini na giaboksi, nikaileta mezani. Shabani, laiti ungekuwapo! Nilipofungua kifuniko cha solenoidi, konta moja ya shaba ilikuwa imeliwa na cheche hadi nusu ya unene wake, na ya pili ilikuwa karibu nzima. Konta mpya pamoja na planja yake, kile chuma kinachovutwa na sumaku ili kuziunganisha, zilinigharimu dola 18. Nilihakikisha zote mbili zimekaa usawa mmoja, kwa kuwa ile sahani ya shaba ya planja ikigusa moja tu, umeme haupiti na kazi yote inakuwa bure. Brashi za kaboni, zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zilikuwa bado ndefu, kwa hiyo niliziacha, na komyuteta, ile shaba ya duara zinayoigusa, nikaipiga msasa laini. Bendiksi, ile gia ndogo inayoishika injini na kuizungusha, niliifuta kwa kitambaa kikavu tu. Wapo wanaoitumbukiza kwenye petroli, na hilo ni kosa, kwani grisi iliyomo ndani yake huyeyuka, kisha baada ya miezi michache inaanza kuteleza, unasikia stata ikilia bila injini kuzunguka. Niliijaribu sakafuni nikiwa nimeikandamiza kwa mguu, maana ikipata umeme huruka, na ilipozunguka nilipiga kelele hadi jirani akaja kutazama. Gari liliwaka mara ya kwanza. Wenzangu wawili kazini wameshaniomba niwatazamie magari yao.

Jioni ile nilikaa muda mrefu ndani ya gari nikimkumbuka Baba na ile Land Rover ya shamba la mkonge. Huku nimesoma kwamba Cadillac zilianza kuuzwa zikiwa na stata ya umeme mwaka 1912, lakini sisi tumekua tukimwona Baba akizungusha injini kwa hendeli kila betri ilipolala. Unakumbuka alivyotukataza kuzungushia kidole gumba kwenye mpini, kwa sababu injini ikipiga kinyume huvunja mkono? Natamani angeniona na mita ile.

Sasa nije kwenye gari lake. Umeniandikia kwamba siku nyingine linatoa "ta" moja, siku nyingine "tatatata" mfululizo na taa zinazimika, na kwamba mkilisukuma linawaka mara moja. Mlio wa mfululizo ni dalili kwamba umeme unaofika kwenye stata ni hafifu. Betri ni mpya, stata nayo ni ya juzi, na ugonjwa ni uleule. Basi kilicho kibovu ni kile ambacho hakijabadilishwa, nacho ni waya. Gari linalala nje, na hewa ya chumvi ya Tanga hula shaba ndani ya waya hata kama kwa nje unaonekana mzima. Nina shaka kubwa na waya wa hasi, ule unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini.

Kulithibitisha hili si kazi kubwa. Toa gia, vuta breki ya mkono, kisha chukua waya mnene wa kuazimia umeme, funga ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na mikanda, halafu mtu awashe. Stata ikizunguka kwa nguvu, ugonjwa umeshaupata. Mita nyingine, ya kwako, nimempa mtoto wa Mama Saida, anayeondoka huku tarehe 14. Ikifika, gusisha ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini wakati ufunguo unazungushwa: ikisoma zaidi ya volti 0.5, waya ubadilishwe. Vivyo hivyo upime kutoka chanya ya betri hadi kwenye nati kubwa ya stata. Usizungushe zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, na uipumzishe stata kabla ya kurudia.

Leo nimetuma shilingi 160,000. Elfu sitini ni za waya, terminali mpya, na konta ikiwa zitahitajika. Laki moja ni ya teksi za Mama kwenda kliniki katika hospitali ya Bombo hadi gari litakapopona. Nimeambiwa mlilisukuma pale getini yeye akiwa amekaa ndani, na tangu siku hiyo usingizi umenipungua. Lisisukumwe tena Mama akiwemo.

Majibu ya mita yaandike kwenye karatasi, uipige picha, unitumie mimi mwenyewe, nisiyaone kwanza kwenye kikundi. Mjomba nitampigia Ijumaa baada ya sala. Na stata iliyopo, hata fundi akisema imekufa, isitoke hapo nyumbani mpaka uifungue mezani nami niko kwenye simu ninaitazama.

Wasalaam,
Kaka yako