Resipi ya mashimelo iandikwe kwa gramu na nyuzi joto, sio kwa makadirio

Mhariri, salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote mnaotuandalia gazeti.

Naandika kuhusu ile resipi ya kutengeneza nyumbani mashimelo, zile pipi laini za kubonyea, iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa mapishi. Kwanza niseme nimefurahi, tena sana, mana watu wengi wanaamini mashimelo ni kitu cha kiwandani tu na mtu wa kawaida hawezi kukigusa, kumbe ni sukari, maji, jelatini, yaani ule unga wa kugandisha, na hewa, bas. Ila resipi yenyewe imeandikwa kwa vikombe na vijiko, alafu pale penye kazi hasa pameandikwa chemsha sukari mpaka iwe nzito, hakuna nyuzi joto, hakuna gramu, haijasemwa jelatini inatoka kwenye nini, wala hakuna neno hata moja la kumuonya mtu kwamba shira ya moto inaunguza vibaya. Naomba nafasi nieleze kwa nini hayo mambo manne yanatakiwa yawemo.

Nianze na hiyo "nzito". Nzito kwa macho ya nani? Shira ikiwa motoni ni nyepesi, hata ikifika pale ilipotakiwa kufika ukiitazama kwenye sufuria bado inatiririka vizuri tu, inakuja kuwa nzito ikishapoa. Sasa anayesubiri aione nzito ikiwa bado jikoni atapitiliza na mwenye haraka ataiepua mapema, na wote wawili wamefuata maelekezo yenu. Kinachofanyika mle ndani ni maji kuondoka. Maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ila yakiwa na sukari kiwango kinapanda, na kadri maji yanavyozidi kupungua ndo joto nalo linavyozidi kupanda, kwa hiyo ukisoma nyuzi joto umeshajua maji yamebaki kiasi gani. Kwenye 115 mpaka 118 shira inakuwa na sukari kama asilimia 85, na hapo ndo penyewe. Ukiiepua kwenye 106 mashimelo yatanata na kuchuruzika hata uyaache yakae siku mbili, na ukifika 125 yanakuwa magumu unatafuna mpaka taya linachoka.

Jirani yangu mmoja, dada anayependa mapishi kwelikweli, aliifuata resipi yenu neno kwa neno. Asubuhi alipogeuza trei, juu palikuwa pameshika vizuri kabisa, chini shira imejitenga inatiririka mezani, na yeye akaamini jelatini aliyouziwa ni feki. Haikuwa feki. Tulirudia pamoja kwa jelatini ileile ya paketi ileile, safari hii tukiwa na kipimajoto cha jikoni, yakashika mpaka chini. Nimeandika barua hii kwa sababu yake, mana alikuwa ameshasema harudii tena, na najua wapo wengine huko waliosema hivyohivyo na hawana wa kuwaambia kilichoharibika ni nini.

Asiye na kipimajoto naye asiachwe. Kuna njia ya zamani ambayo watengeneza pipi waliitumia miaka mingi, unachukua bakuli la maji baridi sana, unadondosha shira kidogo, unaingiza vidole kwenye yale maji unaikusanya. Ikitawanyika bado. Ikikusanyika ikawa kidonge laini ambacho ukikitoa kwenye maji kinabonyea na kulala chenyewe mkononi, epua haraka. Ikiwa kidonge kigumu umeshachelewa, ongeza maji kidogo kwa uangalifu mana itaruka, alafu chemsha upya. Na wenye kipimajoto kitu kimoja, kichovye kwanza kwenye maji yanayochemka uone kinasoma ngapi. Ukiwa sehemu ya mwinuko maji yanachemka chini ya 100, karibu nyuzi moja inapungua kwa kila mita 300 za kwenda juu, kwa hiyo kikisoma 96 kwenye maji basi na kwenye shira toa 4, yaani 115 yako inakuwa 111. Sentensi moja tu hiyo gazetini ingewaokoa watu wengi.

Gramu sasa. Kikombe cha sukari kinategemea nani amekijaza na kikombe chenyewe kina ukubwa gani, ila kwenye sukari unaweza kusamehe, kwenye jelatini huwezi. Kijiko kimoja cha kujaza na kimoja cha kusawazisha tofauti yake ni mashimelo yanayosimama na mashimelo yanayolala. Isitoshe jelatini zenyewe hazilingani nguvu, ndo mana viwandani kuna kipimo kabisa cha nguvu ya jelatini kinachoitwa Bloom, kwa jina la Oscar Bloom aliyepata hataza ya kifaa cha kuipima mwaka 1925, na kwenye baadhi ya paketi namba hiyo inaandikwa, 200 au 225 au 250, kadri inavyokuwa kubwa ndo inavyoshika zaidi. Mi natumia jelatini ya unga gramu 20 kwa sukari gramu 300 na glukosi ya maji, ile nzito ya kunata, gramu 200, na hiyo inatosha trei ya mraba ya kama sentimita 20.

Hiyo glukosi watu wanaiacha wakidhani ni mbwembwe, jamani msiiache bila mbadala. Sukari ya kawaida ikichemshwa peke yake inatafuta njia ya kurudi kuwa chembe, punje moja tu iliyogandia ukingoni mwa sufuria ikidondoka ndani inaweza kuigeuza shira yote kuwa mchanga. Glukosi inakaa katikati inazuia zile chembe zisishikane. Kama huna, tumia sukari gramu 500 na kijiko kidogo cha maji ya limao, ile asidi kwenye joto inaivunja sukari kidogo na inafanya kazi karibu ileile. Na shira ikishaanza kuchemka usikoroge tena, chukua brashi yenye maji upanguse kuta za sufuria, bas, iache.

Hatua zenyewe zikoje. Jelatini unainyunyizia kwenye maji baridi mililita 120, ndani ya bakuli lilelile utakalopigia, uiache dakika kumi inywe maji mpaka ivimbe, ukiibwaga yote kwa mkupuo kwenye maji ya moto inafanya mabonge ambayo nje yameyeyuka ndani bado unga. Usiichemshe, jelatini ikichemka muda mrefu inapoteza nguvu. Sukari, glukosi, maji mengine mililita 120 na chumvi kidogo vinaenda motoni. Ikifika joto lake unaepua, unasubiri mapovu yatulie, alafu unaimimina polepole kama uzi kwenye ukuta wa bakuli huku mashine ya kupigia mayai ikizunguka taratibu, usimimine juu ya ile miiko ya mashine mana itakurukia.

Hapa sasa ndo pana utamu wa kazi yenyewe na sijui kwa nini resipi yenu imepita kwa mstari mmoja. Ukianza kupiga unaona kitu cha majimaji, rangi ya kufifia, mapovu makubwa makubwa, harufu ya jelatini inapanda na sio nzuri sana, mtu mgeni anaweza kumwaga akiamini kimeoza. Usimwage. Ongeza kasi. Baada ya muda kinaanza kuwa cheupe ila bado chepesi, mapovu yanakuwa madogo mpaka huyaoni, alafu kinaanza kupanda kwenye bakuli, kinapanda karibu mara tatu ya kilivyokuwa, mashine inaanza kulalamika sauti inabadilika, na bakuli ambalo ulikuwa huwezi kulishika sasa ni vuguvugu tu. Zima, nyanyua miiko juu, kikidondoka taratibu kikajikunja chenyewe na alama ikabaki juu bila kuzama, hapo tia vanila, piga kidogo, mimina. Inachukua kama dakika nane mpaka kumi na mbili kwa mashine, kwa mkono sishauri, mkono utachoka kabla jelatini haijashika hewa. Na hewa ndo nusu ya mashimelo na zaidi, kazi ya jelatini ni kuyashikilia yale mapovu yasipasuke na kisha ikipoa kuyafunga hapohapo yalipo. Uzuri wake ni kwamba inayeyuka kwenye joto la chini kidogo ya la mwili, ndo mana mashimelo yanayeyuka mdomoni. Agaa, kile kigandishi kinachotokana na mwani wa baharini, haifanyi hivyo, inahitaji kama nyuzi 85 ndo iyeyuke, kwa hiyo ukibadilisha gramu kwa gramu utapata kitu kingine kabisa.

Trei ipakwe mafuta kidogo na inyunyiziwe mchanganyiko wa kornflawa na sukari ya unga. Sawazisha juu kwa mwiko uliopakwa mafuta, funika kwa kunyunyizia tena, acha nje saa nne kwa uchache, usiku mzima ni bora. Usiweke kwenye friji, unyevu wa mle ndani ndo adui mkubwa mana sukari inavuta maji. Kata kwa kisu kilichopakwa mafuta, zungushia kila upande uliokatwa kwenye ule unga, weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, yanakaa wiki mbili hivi bila shida.

Jambo ambalo limenisukuma zaidi ya yote ni hilo la jelatini inatokana na nini. Zamani hapakuwa na jelatini kwenye mashimelo, yalitengenezwa kwa ute wa mizizi ya mmea mmoja, Althaea officinalis, unaoota sehemu za majimaji, na Ufaransa kwenye karne ya 19 watengeneza pipi wakawa wanaupiga ule ute na ute wa yai na sukari, baadae jelatini ikachukua nafasi ya mizizi kwa sababu ni rahisi na haina kazi nyingi. Ila jelatini ni mnyama. Inatolewa kwenye ngozi na mifupa, na chanzo kinachoongoza duniani ni ngozi ya nguruwe, ipo ya ng'ombe na ipo ya samaki. Sasa gazeti linasomwa na watu wa dini zote na wasiokula nyama pia, unapoandika "jelatini" peke yake unamuacha mtu alishe familia yake kitu ambacho angejua asingekigusa. Kwa Muislamu hata ya ng'ombe haitoshi kuandikwa ng'ombe, anataka kujua alichinjwaje. Andikeni tu soma paketi, tafuta iliyoandikwa chanzo chake, kama haijaandikwa uliza. Sio jambo la kuficha na wala haliharibu resipi.

Pia mmependekeza kuchanganya juisi ya matunda, wazo zuri, lakini mkataja nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, papai na kiwi hivyohivyo, na jelatini ni protini, kwa hiyo haitashika hata ufanyeje. Juisi ya nanasi ichemshwe kwanza ipoe, hapo haina neno.

Na la mwisho ni moto. Shira ya nyuzi 115 sio maji ya moto, maji yanateleza yanaondoka, shira inagandia kwenye ngozi inaendelea kuunguza. Mmeandika ni resipi nzuri ya kupika na watoto, na kweli watoto wanaweza kukata, kunyunyizia unga, kuchagua rangi, lakini wakati wa kuchemsha na kumimina wasiwe karibu kabisa, wala mshikio wa sufuria usielekezwe nje. Mtu akiungua ni maji ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20, sio barafu, sio mafuta, sio dawa ya meno, alafu kama ni pakubwa au ni mtoto aende hospitali. Na watoto wadogo wa chini ya miaka minne wasipewe mashimelo mazima, yanaziba koo kirahisi mana yanabonyea na kukaa palepale.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu ni mrudie kuichapisha resipi hiyo ikiwa na gramu, nyuzi joto, chanzo cha jelatini na onyo la shira. Kama nafasi ni ndogo ondoeni picha, mashimelo yanavyofanana kila mtu anajua, hizo namba ndo hatuna.

Msomaji wenu wa kila wiki