Barua ya malalamiko: nyota ya msikiti mmeiharibu nyie, sio maji

Kwa Meneja,
Kitengo cha kukata mawe na vyuma kwa maji

Habari za kazi. Mi ni yule fundi mawe niliyewaletea slebu mbili, yaani mabapa ya jiwe, ya granaiti nyeusi na ya marumaru nyeupe, zote unene milimita 20, mnikatie nyota ya pembe nane ya kuweka sakafuni mlangoni mwa msikiti mmoja kule Tanga. Nimepiga simu mara tano, nimeandika wasapu zikasomwa tu, nimekuja mwenyewe mara mbili na mara zote naambiwa meneja katoka, sasa naandika barua ikae kwenye faili mtu asije akasema hakuambiwa.

Nianze na kilichoniuma zaidi, maana sio hela. Nilipofungua vipande hapo hapo kwenye geti lenu nikaona haviingiani, kijana wenu wa kaunta akaniambia "fundi, maji ni maji, jiwe gumu hivi huwezi kutegemea likatike vizuri, ukitaka kona kali kapige grainda". Yaani mnatangaza mnakata kwa maji, mnachukua advansi milioni moja na laki mbili, halafu kazi ikiharibika mnasingizia maji. Jibu hilo sikubaliani nalo hata kidogo na ntawaeleza kwanini, kwa sababu mi sio mteja anayesikia habari ya hii mashine kwenu kwa mara ya kwanza. Kabla sijarudi nyumbani nilikaa Muscat miaka minne kwenye kiwanda cha marumaru, na mwaka wa mwisho nilikuwa zamu ya usiku kwenye mashine kama hiyo yenu. Nimeona inakata granaiti, inakata chuma cha pua, inakata kioo, na kona zinatoka safi unaweza kukata kidole ukipitisha.

Ni kweli maji matupu hayakati granaiti. Maji matupu yanakata sponji, mpira, ngozi, hata keki. Jiwe linakatwa na ile punje ya ganeti, yale madini magumu yanayochanganywa na maji, maji kazi yake ni kuirusha. Pampu inasukuma maji mpaka psi elfu 60 (psi ni kipimo cha presha), na tairi la gari dogo ni psi 30 hivi kwa hiyo fikirieni mara elfu mbili ya hapo, halafu maji yote hayo yanapitishwa kwenye katundu ka kipande cha yakuti au almasi, katundu kenyewe hakafiki hata nusu milimita. Yakitoka pale yana mwendo kuzidi mara mbili ya mwendo wa sauti, na mwendo huo ndio unaovuta ganeti kutoka kwenye mpira wake, vinachanganyika kwenye kichumba kidogo halafu vinashuka pamoja kwenye ile nozo, mdomo mrefu wa kutolea maji, ya tangsteni kabaidi ambayo ni ngumu sana. Kila punje ikigonga jiwe inang'oa chembe yake, na zinagonga nyingi mno kwa sekunde moja, ndo maana jiwe linaliwa taratibu bila kuungua na bila kupasuka. Alieanza kuchanganya punje za kukatia na maji kwa namna hii ni Mohamed Hashish, Mmisri aliyekuwa anafanya kazi Marekani, kwenye mwaka 1979 huko, kwa hiyo hii sio teknolojia mpya kwamba bado watu wanajaribu jaribu.

Sasa turudi kwenye nyota yangu. Kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, ninayo na nimepima kila kipande.

Kwanza, vipande vikiingizwa vinabana upande wa chini lakini juu, upande wa uso ambao watu wataukanyaga na kuuona, kuna nafasi ya milimita moja na ushee, kuna pembe moja inafika moja na nusu. Kwenye kazi ya kuingiza jiwe ndani ya jiwe pale unatakiwa upite wembe tu. Hii inatokana na mwendo. Maji yakiingia juu yana nguvu yote, yakifika chini yamechoka, sasa ukikimbiza kichwa cha mashine mkato unakuwa mpana juu mwembamba chini, kama kabari. Ukipunguza mwendo unanyooka. Na hata kama mlikuwa na haraka kuna njia ambayo Muscat hata msaidizi anaijua, slebu unailaza uso chini na mchoro unaugeuza kwenye kompyuta kama unavyoonekana kwenye kioo, hapo ule upande unaobana ndo unakuja kuwa juu na ule wenye mkato mpana unajificha kwenye saruji. Nililiandika hilo kwa mkono wangu kwenye fomu ya oda, kopi ninayo, "KATA USO CHINI". Slebu zimekatwa uso juu, alama za kuanzia mkato ziko juu kabisa zinaonekana.

Na hizo alama zenyewe ndo la pili. Marumaru nyeupe imepasuka ufa wa kama sentimita sita kuanzia pale mashine ilipotoboa. Marumaru ni laini lakini ni moyo mwepesi, ukiitoboa kwa presha yote kwa mkupuo maji yanajaa ndani ya kishimo hayana pa kutokea yanaipasua. Unashusha presha kwanza, unahakikisha ganeti imeshaanza kushuka ndo maji yaguse jiwe, ukishatoboka mpaka chini ndo unapandisha. Na kutoboa kwenyewe unatoboa kwenye sehemu ya kutupa, kando, halafu unaingia kwenye mstari taratibu. Nyie mmetoboa kwenye mstari wenyewe! Kwenye ncha ya nyota! Nimekaa nimeiangalia ile ncha nusu saa nzima nashindwa kuelewa mtu aliyebonyeza kile kitufe alikuwa anafikiria nini.

Tatu ni pembe. Ukitazama nyuma ya granaiti, ncha zote nane zimelika, zingine zimekatika kabisa. Hapo hata siongelei ugumu wa jiwe, maana kadiri kichwa kinavyokwenda ule mkia wa maji chini unabaki nyuma, unajikunja, ndo unaona ile michirizi iliyolala kwenye nusu ya chini ya mkato. Kwenye mstari mnyoofu haina shida kubwa, lakini ukifika kwenye kona bila kupunguza mwendo kichwa kinageuka na mkia bado haujafika, unafagia nje unakula ile ncha. Programu nyingi za hizi mashine zina sehemu ya kuweka kona zipungue mwendo. Duara mnaweza mkakimbiza, nyota hamuwezi, na mi nimeleta nyota.

La nne naliandika kwa uchungu kwa sababu nililiona kwa macho yangu nikanyamaza, nikajua mnajua mnachofanya. Siku naleta slebu niliona viroba vya mchanga pembeni ya mashine, mchanga wa kawaida wa pwani, mweupe mweupe. Ganeti naijua, ina rangi ya wekundu wekundu hivi, nzito ukiishika. Nikamuuliza yule kijana wa mashine, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ganeti imeisha, kontena halijafika bandarini, wameambiwa wachanganye. Jina lake sitalitaja na naomba asisumbuliwe, aliambiwa afanye akafanya.

Mchanga ule mwingi wake ni kwazi (quartz), na kwazi hiyo hiyo ndo iliyomo ndani ya granaiti nyingi. Sasa mnakata jiwe kwa jiwe lenyewe, tena punje nyepesi, haina uzito wa kugonga kama ganeti, inasagika kabla haijafanya kazi. Halafu haijachekechwa, kuna punje kubwa na vumbi humo humo, punje kubwa zinaziba nozo, mchanga unaacha kushuka, maji yanatoka matupu na mashine inaendelea kutembea haijui kitu. Ndo maana kuna sehemu mbili kwenye granaiti yangu hazikukatika mpaka chini, na alama ya nyundo ipo, mtu aligonga kutenganisha! Kazi ya mashine ya mamilioni inamaliziwa kwa nyundo.

Pia ile nozo ya kabaidi hata kwa ganeti nzuri huwa haikai sana, masaa 80 mpaka 100 hivi unabadilisha, maana tundu linapanuka. Likipanuka mkato unapanuka na kompyuta haijui mpaka uiambie, yenyewe inahesabu nusu ya upana wa zamani, kwa hiyo kila kipande kinatoka kidogo kuliko mchoro na kila tundu linatoka kubwa. Nimepima mkato kwenye kile kipande kilichobaki mlichonirudishia, upana wake juu unakaribia milimita mbili. Nozo mpya inatoa kama milimita moja tu. Hiyo nozo imekufa siku nyingi na hakuna aliyepima.

Na kuhusu maji yenyewe sina ushahidi kwa hiyo silalamiki, naulizia tu, maji ya kisima cha huku kwetu yana chumvi sana kila mtu anajua, je mnayalainisha kabla hayajaingia kwenye pampu? Maana chumvi ikiganda kwenye lile tundu la yakuti, maji yanatoka yamepinda, na hapo hata mngekuwa na ganeti safi bado msingepata mkato ulionyooka. Naomba mliangalie.

Kuna jambo lingine haliko kwenye invoisi lakini siwezi kuliacha. Wale vijana wenu nimewakuta wanafagia tope lililokauka chini ya mashine bila barakoa, vumbi linapanda mpaka usoni. Vumbi la kwazi likiingia kwenye mapafu halitoki, ni ugonjwa usio na dawa, na mi kwenye hii kazi ya mawe nimezika rafiki yangu kwa kukohoa. Ganeti safi kwazi yake ni kidogo sana, ndo sababu nyingine watu wanainunua japo bei yake iko juu. Hata kama oda yangu hamtaijali, muwamwagie maji kabla ya kufagia na muwape barakoa za maana, sio zile za kitambaa. Ni watoto wa watu wale.

Ninachotaka ni hiki. Slebu zote mbili mnilipe au mninunulie zingine za aina ile ile, granaiti nyeusi nimeifuata mwenyewe mpaka nikaipata isiyo na madoa na marumaru imeshapasuka haiungiki kwa gundi, mzee wa msikiti akiona ufa pale mlangoni ntamwambia nini. Kazi irudiwe bila kunidai hela nyingine, kwa ganeti namba 80 (ndo ukubwa wa punje), nozo mpya, uso chini, kutoboa nje ya mstari kwa presha ndogo, kona taratibu. Nitakuja nikae pembeni ya mashine wakati inakata, na naomba msiniambie utaratibu hauruhusu, ntavaa helmeti na vizuia sauti kama mfanyakazi wenu. Kama ganeti haijafika semeni haijafika, ntasubiri, nilishamwambia mzee kwamba kazi itachelewa na kaelewa, kanijibu tu "fundi, msikiti haukimbii". Na kama hamuwezi kurudia basi nirudishieni advansi yote pamoja na bei ya slebu, risiti nimeziambatanisha na picha 14 zenye vipimo, kila picha kalipa inaonekana.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku kumi na nne kuanzia mtakapoipokea hii barua, sitaki tena kujibiwa kwenye kaunta. Vipande vyote viko karakana kwangu nimevipanga vile vile kama nyota chini kwenye sakafu, sijavigusa kwa msasa wala grainda, njooni na kalipa yenu mpime wenyewe. Nipo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, kasoro Ijumaa mchana.

Wenu,
Fundi mawe, mwenye oda ya nyota ya pembe nane