Sabufa zisizo na jina zipimwe kabla ya kuuzwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie wanaonunua sabufa na amplifaya za mtumba zisizo na jina wala nambari ya modeli, jinsi zinavyouzwa sokoni Kibuye na kwenye vibanda vya vipuri hapa Kisumu. Kinachonisikitisha ni kwamba bei hupangwa kwa kutazama stika. Ikiandikwa wati 3000, dereva wa matatu au kijana aliyejinyima miezi kadhaa hulipa na kuondoka bila kujua alichobeba, ilhali chombo chenyewe kingemweleza mengi.

Kwenye amplifaya, kwanza tazama fyuzi. Injini ikiwaka, umeme wa gari huwa takriban volti 14.4. Fyuzi ya ampia 30 ukiizidisha kwa volti hizo unapata wati 432, na hizo ni za umeme unaoingia. Amplifaya za daraja la AB hupoteza karibu nusu yake kwa joto. Za daraja la D hupoteza kidogo, lakini hata hizo haziwezi kutoa zaidi ya kile zinachopokea. Basi amplifaya yenye fyuzi moja ya ampia 30 haiwezi kumudu wati 3000, hata stika ing'ae namna gani. Hakikisha pia kwamba fyuzi haikubadilishwa ikawekwa kubwa zaidi, kwa maana mara nyingi kiwango chake halisi huandikwa kando ya tundu lake. Jina likiwa limefutika, fungua kifuniko cha chini baada ya kuchomoa waya zote, kwa kuwa watengenezaji wengi huchapisha nambari ya modeli kwenye bodi. Ukikuta alama ya CEA-2006, kipimo cha Marekani cha mwaka 2003, ujue nguvu iliyotajwa ni ya volti 14.4 na omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na upotoshaji wa sauti usiozidi asilimia 1.

Sabufa nayo inahitaji mita ya kupimia omu. Ikiwa haijaunganishwa na chochote, koili (waya uliozungushwa ndani yake unaoendesha sauti) ya omu 4 husoma kati ya 3 na 3.7 hivi, na ile ya omu 2 husoma chini kidogo ya 2. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Hivi majuzi dereva mmoja aliniletea ya inchi 12 ambayo muuzaji alimwapia ni ya omu 4, akilalamika kwamba amplifaya yake huzima kila anapoongeza sauti. Nyuma kulikuwa na vituo vinne vya kufungia waya, maana yake koili mbili, na kila moja ilisoma 1.8. Aliyeifunga alikuwa ameziunganisha sambamba, yaani kila koili ikipokea umeme kivyake, kwa hiyo mita ilionyesha 0.9, mzigo ambao amplifaya ile haikuundwa kuubeba. Tulipoziunganisha kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, ilisoma 3.6, na taa nyekundu ya hitilafu kwenye amplifaya haikuwaka tena.

Mnunuzi asukume pia koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, akisikiliza. Ikikwaruza, au sumaku ikinuka kuungua, aiache hapo hapo. Asidanganywe na ukubwa wa sumaku pia, kwa sababu zipo zilizovishwa kifuniko kipana cha plastiki ilhali iliyo ndani ni ndogo.

Ninawaomba wauzaji wa Kibuye na Nakuru waweke mita na betri ya volti 12 mezani, mnunuzi apimiwe mbele ya macho yake. Mafundi wenzangu nao, tukishapima sabufa isiyo na jina, tuandike omu za kila koili kwenye sumaku kwa kalamu isiyofutika, ili atakayeinunua baadaye asilazimike kukisia.

Fundi wa redio za magari,
Kondele, Kisumu