Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mfamasia Akisema Subiri, Dawa Isubiri

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kwa sababu milango mingine nimeshaibisha. Ripoti nimeandika, vikaoni nimesema, nikajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Sasa limetufikisha kwenye damu.

Mgonjwa wetu alikuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Akaandikiwa metronidazoli, dawa ya kutibu maambukizi. Mfamasia alikataa kuitoa, akaja mwenyewe wodini kueleza kwamba dawa hizo mbili zikikutana, nguvu ya warfarini huongezeka na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Alishauri dawa ibadilishwe, au kama hakuna nyingine, dozi ya warfarini ipunguzwe na kipimo cha kuganda kwa damu kirudiwe mara kwa mara. Daktari alimkaripia mbele ya wagonjwa: "Wewe kazi yako ni kuhesabu vidonge." Dawa ikatolewa. Kipimo hakuna aliyekiagiza. Mimi ndiye niliyekuwa zamu mgonjwa alipoanza kutapika damu. Tulimwokoa kwa shida. Mwanawe akaniuliza, kwani hamkujua? Nilishindwa kumjibu, maana tulijua.

Sidhani daktari yule ni mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na nahisi tangu chuoni hakuna aliyemwambia kwamba mfamasia anaweza kumrekebisha. Kila kada inasoma peke yake, na walimu wake, halafu tunakutana kando ya kitanda cha mgonjwa kila mmoja ameshajua nani bosi. Shirika la Afya Duniani lilihimiza mafunzo ya pamoja kwa kada zote katika mwongozo wake wa mwaka 2010. Tumechelewa sana.

Wala asituambie mtu kwamba hayo ni ya hospitali tajiri. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya shirika hilohilo, yaani mambo ambayo timu huhakikisha pamoja kabla ya upasuaji na kabla mgonjwa hajatoka chumbani, ilijaribiwa katika hospitali 8, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: vifo vya waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kati ya vipengele vyake 19, kimoja kinataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake, ili hata mdogo kuliko wote awe ameshafungua kinywa. Kwetu orodha hiyo anaijaza mtu mmoja, upasuaji ukiwa umeshakwisha.

Mheshimiwa, ulituahidi raundi ya pamoja: daktari, muuguzi, mfamasia na mtaalamu wa maabara. Tulikupigia makofi, na mimi nilipiga. Waraka wake hatujauona mpaka leo.

Basi naomba waraka mmoja tu. Mfamasia, muuguzi au mkunga akisema subiri, dawa isubiri mpaka wahusika wazungumze na kuandika kwenye faili walichokubaliana. Asiyekubali aandike sababu, asaini. Kwenye dharura uamuzi ni wa papo hapo, najua. Mgonjwa wetu hakuwa wa dharura. Jambo hili halisubiri bajeti. Na aliyetahadharisha asiadhibiwe. Mfamasia wetu ameshapewa barua ya kujieleza kwa "kuingilia kazi ya daktari", na anatakiwa kuijibu kabla ya Ijumaa. Naomba, Mheshimiwa, waraka wako utangulie.

Wako katika kazi,
Muuguzi wa zamu, wodi ya magonjwa ya ndani