Middenbeemster: tuta lilitangulia vinu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Middenbeemster, kijiji cha Uholanzi kilichojengwa juu ya sakafu ya ziwa, imempa Jan Adriaanszoon Leeghwater sifa zote za kulikausha ziwa hilo. Leeghwater, mzaliwa wa De Rijp jirani, alikuwa fundi hodari wa vinu vya upepo, vile vya kuinulia maji. Lakini kibali cha mwaka 1607 cha kukausha ziwa la Beemster kilitolewa kwa wafanyabiashara, akiwemo Dirck van Oss wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Fedha zao ndizo zilizobeba mradi.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani vinu ndivyo vilivyoanza. Kwanza lilijengwa tuta kulizunguka ziwa lote, na nje yake ukachimbwa mfereji. Mfereji huo ni wa lazima: kinu hakinyonyi maji yakapotea, huyainua tu, na ni lazima yapate njia ya kwenda baharini. Gurudumu la makasia la kinu huinua maji mita moja na nusu hivi, ilhali sakafu ya ziwa ipo kama mita 3.5 chini ya usawa wa bahari. Kinu kimoja hakifui dafu. Vikapangwa kwa ngazi, cha chini kikimwagia cha juu yake, mpaka vikapita 40.

Januari 1610, ziwa likielekea kukauka, dhoruba ilivunja matuta ya Zuiderzee, ghuba ya bahari iliyokuwa jirani, na maji yakajaa upya. Tuta la ziwa lenyewe lilikuwa fupi mno kuyazuia, ikabidi liinuliwe. Ardhi ilikauka Mei 1612, ikagawanywa kwa mashamba ya mita 180 kwa 900. Matano yakiunganishwa hutoa mraba kamili. Ni mpangilio huo wa miraba, ambao makala haikuutaja hata kwa sentensi moja, ulioipa Beemster nafasi katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1999.

Nafaka iliyotarajiwa haikudumu sana, kwa kuwa udongo ulikuwa na unyevu mwingi, na sehemu kubwa ikawa malisho ya ng'ombe. Kanisa la kijiji lilikamilika 1623. Karne ya 19 mashine za mvuke zilichukua kazi ya vinu, na hadi leo pampu zikizimwa, mvua na maji yanayopenya ardhini yatalirudisha ziwa.

Tunaomba mchapishe masahihisho.

Msomaji wenu