Picha ya Sita Itakapokuja

Barua ya wazi kwa vijana wa darasa la jioni la tovuti, Buruburu

Wanangu, hamjambo.

Nimeusoma msimbo wa slaida, yaani picha zinazopokezana kwenye ukurasa, ambao mwenzenu aliuleta wiki iliyopita akiuliza urekebishwe wapi, ule anaomtengenezea yule msusi wa Kenyatta Market, na nimesoma pia majibu mliyompa. Msimbo umenifurahisha kuliko majibu. Mmoja alimwambia achukue laibrari, yaani msimbo wa watu wengine ulio tayari. Mwingine akamwambia afute yote aanze upya. Wa tatu alicheka tu. Hakuna aliyemwonyesha mstari gani ubadilike, na kwa sababu gani, na hilo ndilo alilouliza. Basi nitajibu mimi, na ninawaandikia nyote kwa kuwa misimbo yenu mingi ninayoiona inafanana na wake.

Kwanza, slaida ile inafanya kazi. Ukibonyeza "Ijayo", picha ya matuta inaondoka na ya rasta inaingia. Mtu aliyeanza JavaScript, lugha inayoupa ukurasa vitendo, juzi tu akafika hapo hajapotea. Msimbo unaofanya kazi haufutwi. Unawekewa nakala, halafu unarekebishwa kipande kwa kipande, na kila kipande unakijaribu kwenye kivinjari kabla hujagusa kingine.

Shida yake iko kwenye kuhesabu. Ana picha tano, kwa hiyo ameandika fankisheni tano, yaani vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina, onyeshaPicha1 hadi onyeshaPicha5. Kila moja ina mistari mitano: minne inaficha picha nne, mmoja unaonyesha ile inayotakiwa. Jumla 25. Chini yake kuna msururu wa if: kama tuko kwenye ya kwanza, ita ya pili, kama tuko kwenye ya pili, ita ya tatu. Sasa chukulieni Jumamosi msusi anapiga simu kwamba ana mtindo mpya, aongezewe picha moja tu. Fankisheni zinakuwa sita, kila moja inadai mistari sita, jumla 36, na zile tano za zamani zote lazima zifunguliwe ziongezewe mstari wa kuficha picha mpya. Ukisahau moja, picha mbili zitaonekana kwa pamoja, na atakayeona wa kwanza ni mteja wa saluni.

Ndiyo maana nikishika msimbo wa anayeanza, jambo ninalolitazama kabla ya lolote ni hili: picha ya sita ikija, nitagusa mistari mingapi ya JavaScript? Jibu ninalolitaka ni sifuri. Picha iongezwe kwenye HTML, ile lugha inayoorodhesha vilivyomo ukurasani, na msimbo usiguswe kabisa.

Kufika hapo, msimbo uache kukariri idadi ya picha, uuulize ukurasa. Amri ya querySelectorAll inakusanya picha zote za slaida kwenye orodha moja, na orodha hiyo inajua urefu wake yenyewe. Kisha unahitaji namba moja ya kukumbuka uko wapi. Zile fankisheni tano zinakuwa hii moja:

let picha = document.querySelectorAll(".slaida img");
let sasa = 0;

function onyesha(namba) {
  picha.forEach(p => p.classList.remove("hai"));
  picha[namba].classList.add("hai");
  sasa = namba;
}

Ziwe picha 5 au 50, ni hiyo hiyo. Kazi ya kuficha na kuonyesha mwachieni CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa: picha yenye klasi, yaani lebo, ya "hai" ionekane, nyingine zisionekane. Na mwone majina niliyotumia. Kwenye msimbo wa mwenzenu nimekuta x, x2 na temp3, na nadhani baada ya mwezi hata yeye hatakumbuka x2 ilikuwa nini. JavaScript haidai Kiingereza kwenye majina yenu. Kama "sasa" ndilo neno linalokuja kichwani, liandikeni.

Mwisho wa orodha ndipo wengi hukwama. Orodha huanza na sifuri, kwa hiyo picha tano ni namba 0 hadi 4. Ukiongeza moja juu ya 4 unapata 5, na picha ya namba 5 haipo: konsoli, dirisha la kivinjari la kuonyesha makosa, inatoa kosa jekundu na slaida inabaki tupu. Dawa yake ni baki la kugawanya, ile alama ya %. Kitufe cha "Ijayo" kiite onyesha((sasa + 1) % picha.length). Tano gawanya kwa tano, baki sifuri, umerudi mwanzo. Hesabu hii mnayo tangu utotoni: ikitimia saa kumi na mbili, inayofuata ni saa moja, saa kumi na tatu kwetu haipo.

Kurudi nyuma kuna mtego wake. Sifuri toa moja ni hasi moja, na ukiiuliza JavaScript -1 % 5 itakujibu -1, wakati Python, lugha nyingine ya kuandikia msimbo, ingekujibu 4. Wale kati yenu waliotoka Python wataumia hapa. Ndiyo sababu tunaongeza urefu kwanza: (sasa - 1 + picha.length) % picha.length. Kabla ya kuunakili mstari huo, chukueni kalamu, mjaribu "sasa" ikiwa 0, kisha ikiwa 4.

Halafu kuna ile ajabu aliyoilalamikia mwenyewe, kwamba ukibonyeza "Ijayo" mara kadhaa picha zinaanza kukimbia kama zimerogwa. Hazijarogwa. Kila ukibonyeza, msimbo wake unaanzisha setInterval mpya, yaani saa inayorudia amri kila baada ya muda, bila kuisimamisha ya zamani. Mbonyezo wa tatu, kuna saa kadhaa zinazosukuma picha zile zile, kila moja kwa wakati wake. setInterval ikianza hurudisha namba. Ihifadhini, na kabla ya kuanzisha nyingine mpeni clearInterval, amri ya kuisimamisha, namba ile. Mistari miwili tu, na mashetani wametoka.

Kuhusu laibrari, sizichukii. jQuery ya John Resig ilipotoka mwaka 2006 ilituokoa, maana Internet Explorer ilikuwa na tabia zake, Firefox zake, na kitu kilichokubali hapa kiligoma pale. Slaida nyingi za enzi ile zilijengwa juu yake kwa sababu hiyo. Leo querySelectorAll na classList zinaeleweka na kila kivinjari mtakachokutana nacho. Kumpa anayeanza maelfu ya mistari ya mtu mwingine ili azungushe picha tano ni kumnyima somo, na siku ikiharibika hatajua pa kuanzia. Atakuja kuuliza tena hapo darasani, nanyi mtampa jina la laibrari nyingine.

Tena vivinjari vya sasa vinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii bila JavaScript hata kidogo. Panga picha kwa safu inayosogea kwa kidole, weka scroll-snap-type: x mandatory kwenye kisanduku na scroll-snap-align: center kwenye kila picha, na kila kidole kikiachia, picha inatulia katikati. Mwenzenu akishaielewa ile fankisheni ya onyesha, ajaribu hii pia aone anaipenda ipi. Mimi kwa saluni ningechagua hii ya pili. Wateja wake wako kwenye simu, na vidole vyao vimeshazoea.

Sasa picha zenyewe, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Nimezikuta ni zile zile zilizotoka kwenye kamera ya simu, upana wa pikseli 4,000, kila moja megabaiti nne hivi. Tano ni megabaiti 20, za kuonyeshwa kwenye kioo cha upana wa kiganja. Ninyi mmekua baada ya kebo za baharini, SEACOM na TEAMS, kufika Mombasa mwaka 2009. Sisi tulikuwa tukilipia saiba kwa dakika, na picha nzito tuliiona ikishuka mstari kwa mstari huku shilingi zikienda. Mteja wa Kenyatta Market bado yuko kwenye hali inayokaribia hiyo, anahesabu bando. Punguzeni upana hadi pikseli 1,000, mhifadhi kwa WebP au JPEG, na kila picha itashuka hadi kilobaiti mia au mia mbili. Andikeni pia width na height kwenye kila img ili ukurasa usiruke picha inapoingia. Ukiruka, mtu aliyetaka kubonyeza namba ya simu anajikuta amebonyeza kitu kingine. Na alt, maandishi yanayosimama badala ya picha, isiwe "picha3". Iwe "Rasta ndefu hadi kiunoni", kwa asiyeona na kwa ambaye picha imekataa kufunguka.

Picha kujizungusha zenyewe mimi sipendi. Ukianza kusoma bei, imeondoka. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inasema kitu kinachoanza kusogea chenyewe kando ya maandishi mengine, kikaendelea zaidi ya sekunde tano, lazima kiwe na njia ya kusimamishwa. Kwa hiyo mwenzenu akishikilia slaida izunguke, aweke kitufe cha "Simama", kionekane, na kifanye kazi.

La mwisho halihusu msimbo. Zile picha zina nyuso za watu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, mtu huulizwa kabla uso wake haujawekwa hadharani kuuza kazi ya mwingine. Mwenzenu amuulize msusi kama waliosukwa walikubali. Picha ya tatu ni ya mtoto wa shule, iondolewe leo hadi mzazi wake aseme ndiyo. Wasiokubali kuonyesha uso wapigwe picha upya kutoka nyuma. Matuta huonekana vizuri zaidi huko hata hivyo.

Wenu,
Mzee wa Jericho