Kitabu cha wiki hii: kiwavi mwenye njaa

Habari zenu wazazi na walezi,

Wiki hii tunawasomea watoto kile kitabu cha Eric Carle cha kiwavi mwenye njaa, kilichotoka mwaka 1969. Tafadhali msikisome mbio. Kurasa zake zina matundu, na utamu wote uko hapo: mwache mtoto apenyeze kidole kabla hujasoma neno lolote. Hata wa mwaka mmoja ataelewa kwamba kuna mtu amekula hapa!

Wa miaka mitatu na kuendelea, hesabuni pamoja: tufaha 1, mapeasi 2, mpaka machungwa 5 siku ya Ijumaa. Ila jiandaeni kwa swali. Kiwavi anakula tunda moja siku ya Jumatatu, na jina lenyewe lina "tatu" ndani yake. Wangu alinigomea kabisa, akasema kitabu kimekosea. Mwambieni tu kwamba siku zetu zinahesabiwa kuanzia Jumamosi, kisha mwendelee.

Jambo jingine: kitabuni kiwavi anajijengea kifukofuko, yaani kijumba cha kujifungia ndani kabla hajawa kipepeo. Kwa kweli vifukofuko vya nyuzi ni mambo ya nondo zaidi. Kiwavi wa kipepeo kwa kawaida hujivua ngozi, na chini yake huwa kuna ganda gumu. Kwa mdogo, acheni ilivyo. Mkubwa anayeuliza, mwelezeni.

Akitaka kurudia mara ya sita, rudieni. Jumapili tuleteeni hapa sauti zao wakisimulia wenyewe, picha si lazima.